Mguu Mzito wa Mkanyageni

Siku hizi gari huingizwa gereji, kijana akachomeka mtambo wake, upepo ukatoka kwenye breki na asiseme neno na mtu. Zamani hizo, Mombasa, kutoa upepo kwenye breki ilikuwa kazi ya watu wawili, mmoja chini na mmoja juu, na baina yao palikuwa na neno.

Maneno yenyewe yalikuwa matatu. Fundi aliye chini husema "Kanyaga," na aliyekaa kwenye usukani akakanyaga mara tatu, mara nne, mpaka breki ikatuna chini ya mguu. Kisha husema "Kaza," na wa juu akaikandamiza asiilegeze, hali fundi akikifungua kile kinati kidogo nyuma ya gurudumu. Mafuta hutoka kwa mpira mwembamba yakaingia chupani, na upepo ukatokota humo kama buli la kahawa, huku breki ikizama taratibu chini ya mguu. Fundi hukifunga kinati, na akishakifunga ndipo husema "Wata," yaani wacha, kwa Kimvita kisichotiwa maji. Siri yote iko hapo. Mguu ukiinuka kabla kinati hakijafungwa, breki huvuta pumzi kama mzamaji anayeibuka, na upepo wote uliotolewa hurudi ndani. Gari kama hiyo itasimama uani. Itasimama Marikiti, penye tambarare. Itakapofika Feri, kwenye ule mteremko wa kushukia kivukoni, ndipo dereva atakapokanyaga mguu ukagota sakafuni, na mbele yake ni maji.

Mtaani Mkanyageni aliyesema maneno hayo alikuwa Fundi Aidarus, na mguu uliomsikiliza ulikuwa wa Kamaludin. Wenyeji wa mtaa walipenda kumwambia kwamba jina la mtaa lilimngojea azaliwe.

Kamaludin alikuwa mtoto wa Zein, nduguye Aidarus. Zein alipokufa, Aidarus alimchukua mtoto akamlea, akamsomesha chuoni juzuu zake zote, na alipotimia akamwoza binti yake, Swabaha, akawapa chumba cha juu katika nyumba yake mwenyewe. Basi yule mzee alikuwa ami yake, mlezi wake, mkwewe na bwana wake wa kazi, wote wanne katika kanzu moja. Mtu akikosana na mkwewe humwendea ami yake amsuluhishe. Kamaludin hakuwa na pa kwenda.

Miaka kumi alikanyaga breki. Spana hakupewa. Si kwamba mzee alikuwa mchoyo. Aliona kwamba kazi ile ina mkono mmoja na mguu mmoja, na mguu ukianza kutaka kuwa mkono mtu huanguka. Tena alisema hakuna Mombasa nzima mguu mwepesi kama ule. Neno "wata" halijatoka mdomoni vizuri, mguu ushainuka. Kamaludin alikuwa akijisikia fahari kwa hilo, na baadaye fahari ile ikamkaa kooni kama mwiba wa samaki, kwa kuwa alifika umri wa miaka thelathini akiwa hana alichokijua duniani ila kushuka na kupanda kwa kipande cha chuma.

Kila asubuhi alishuka ngazi, akamwambia mzee sabalkheri, akaupokea mkono wake akaubusu. Watoto wa nyumba za watu walifanya hivyo. Leo mtoto hukupungia kwa mbali, na akikusogelea anataka kitu. Lakini mwaka ule wa sitini na nne, tangu mwezi wa tumu, yaani Ramadhani, mzee alianza kuunyakua mkono wake kabla mdomo haujaufikia, akaurudisha haraka ndani ya mkono wa kanzu. Barazani watu waliona, wakamsifu. Walisema ni unyenyekevu, ndivyo wafanyavyo masharifu wakubwa, hawapendi kubusiwa mikono. Kamaludin naye aliamini, akazidi kumheshimu.

Wakati huo ndipo alipojitokeza Joab. Alikuwa Mkristo kutoka bara, Maragoli, mnyapara wa malori bandarini Mbaraki. Mtu mfupi, mcheshi, aliyekuja kutengenezesha breki za gari yake akamwona Kamaludin akiligeuza lori kwenye kichochoro ambamo punda mwenyewe hurudi kinyumenyume. Akamuuliza kama ana leseni. Alikuwa nayo, aliichukua kwa siri, akaificha ndani ya msahafu. Joab akamwambia Alhamisi wanaandikwa madereva wapya, na mwandikaji hufunga daftari lake adhuhuri, hangoji mtu. Akija yeye Kamaludin kabla ya saa sita, Joab atasimama naye. Akikosa, wapo mia nje ya lango.

Hakumwambia mzee. Alimwambia mkewe. Swabaha alimshonea suruali ya kaki, akatafuta Majengo chumba chenye madirisha mawili, akakilipia kishika nafasi kwa pesa zake za kushona kofia. Kamaludin akanunua viatu vyeusi vya kufunga kamba. Alikusudia aandikwe kwanza, halafu ndiyo aje aseme, maana kuaga ni rahisi kuliko kuomba ruhusa.

Alhamisi ikafika. Alishuka ngazi saa mbili na nusu ya asubuhi, amevaa suruali chini ya kanzu na viatu miguuni, na uani akaikuta teksi ya Jamaldin.

Jamaldin alikuwa dereva wa Feri, aendaye Likoni na kurudi mara nane kwa siku, na mdomo wake haukuwa na breki tangu zamani. Siku hiyo alitakiwa awavushe mama yake na wanawake wengine watatu waende harusini baada ya adhuhuri, na breki zake zilikuwa laini kama mkate wa sinia. Mzee akasema ni gari moja tu. Kamaludin akapiga hesabu ya muda: magurudumu manne, saa moja, saa moja u nusu kwa wingi. Kutoka Mkanyageni mpaka Mbaraki kwa miguu si safari. Akakubali. Angekataaje?

"Vua viatu hivyo," mzee akamwambia. "Breki haisikizani na ngozi ya ng'ombe."

Hakuuliza vimetoka wapi. Kamaludin akavivua akaviweka juu ya kidaraja cha mlango wa nyumba, kimoja kando ya mwenzake.

Ua ule ulikuwa mwembamba. Gari ikishaingia, upande wa dereva hubaki nafasi ya mtu kupita ubavu, na mlango haufunguki ila kiasi cha kupitisha mkono. Kamaludin aliingia kwa upande wa pili. Mzee akapiga jeki, akalitoa gurudumu la nyuma kushoto, akaliegemeza kwenye mlango aliopitia. Ndipo Jamaldin, aliyesimama mbele na mkebe wa mafuta ya breki akikijaza kikopo cha breki kila kikipungua, akamchungulia kwa kioo cha mbele akasema sasa simba yumo tunduni, walete watoto watazame.

Wakaanza. Kanyaga, kaza, wata. Kanyaga, kaza, wata. Gurudumu la kwanza kwa kawaida humaliza upepo wake kwa mara kumi. Zikapita kumi, zikapita ishirini. Breki ilikuwa inatuna kidogo, kisha inarudi ulaini wake. Mzee akasema mafuta ni mabaya. Wakabadili mafuta. Mara arubaini. Jua likaingia uani, bati la gari likawaka, jasho likamtiririka Kamaludin ndani ya kanzu na suruali, na asiweze kuvua kimoja bila kuonyesha kingine. Mzee akaona ni afadhali wahamie gurudumu la nyuma kulia, pengine upepo umejificha huko. Kushoto watarudi.

Saa tano Joab akafika mwenyewe kwenye mlango wa ua, kofia mkononi. Alimwamkia mzee kwa adabu, akasema amemjia huyu bwana, wana safari yao fupi.

Mzee alimjibu kutoka chini, bila kutokeza kichwa, kwamba mtu wake ameshika breki.

Joab akainama akamtazama Kamaludin kupitia dirishani. "Bwana, wewe umeolewa na hii gari?"

"Mahari amelipwa," Jamaldin akadakia. "Talaka ndiyo hapewi."

Wakacheka wote wawili. Kamaludin akamwambia Joab angoje kidogo tu, wanamaliza. Joab akatazama saa yake, akaegemea ukuta.

Wakarudi kazini. "Kanyaga," na akakanyaga. "Kaza," na akakaza. Kwenye mlango wa dereva Jamaldin alikuwa amepachika kioo cha duara, mfano wa kisahani, naye Joab alipoinama pale dirishani alikuwa amekisukuma kwa bega kikageuka chini. Kamaludin akakitazama bila kukusudia. Ndani yake hamkuwa na uso, hamkuwa na mtu. Mlikuwa na mikono miwili.

Mkono wa kushoto ulishika chupa, na chupa ilikuwa ikitikisika hata mdomo wa mpira ukiruka nje ya mafuta na kurudi, ukiruka na kurudi. Wa kulia ulikuwa na spana. Spana ilitafuta kinati ikateleza, ikatafuta tena, ikagonga chuma pembeni kama mlevi atafutaye tundu la kitasa. Kamaludin aliona vidole vikitetemeka vyote vitano. Kinati kilikuwa wazi bado, mafuta yanavuja, ndipo sauti ikaja kutoka chini, thabiti, ile ile ya miaka kumi:

"Wata."

Na mguu wake, ule mguu mwepesi usiokuwa na mfano Mombasa nzima, ukainuka. Akaisikia breki ikivuta pumzi.

Alielewa yote kwa mara moja, na hakufurahi kuelewa. Mkono ule haukunyakuliwa kwa unyenyekevu. Upepo usingekwisha hata wangekanyaga mpaka Idi. Mzee hakuwa anadanganya. Alisema "wata" pale ambapo mkono wake, kwa miaka arubaini, ulikuwa ushamaliza kufunga. Ulimi ulikuwa unaenda na mkono wa zamani. Na yeye, kwa utiifu wake, ndiye aliyekuwa akiurudisha upepo ndani.

Akakumbuka magari. Ni mangapi waliyoyatoa tangu mwezi wa tumu, wakayaita mazima? Nani na nani wameshuka nayo Feri?

"Kanyaga."

Akakanyaga. Angeweza kusema. Neno lilikuwa fupi: Ami, hujafunga. Lakini Jamaldin alikuwa amesimama pale na mkebe, na jambo likishamwingia Jamaldin, Likoni hulipata kabla ya kivuko. Angemvua mzee nguo mbele ya watu, fundi aliyetengeneza magari ya makadhi na ya Wazungu. Angeweza pia kunyamaza, ajipenyeze nje kwa dirisha, avae viatu vyake, aende na Joab. Basi kesho mzee angetafuta mguu mwingine. Mguu mwepesi, mtiifu, uinukao unapoambiwa.

"Kaza."

Akakaza. Breki ikazama.

"Wata."

Hakuwata. Aliacha wayo wake pale pale. Kiooni spana ilikuwa bado inatafuta.

"Wata, ewe. Hukusikia?"

Spana ikashika, ikateleza, ikashika. Mkono ukazunguka robo, ukazunguka nusu. Ndipo chini ya kisigino chake akahisi kitu ambacho katika miaka kumi hakuwahi kukingojea: breki iliacha kuzama, ikagoma, ikawa kama amekanyaga jiwe. Hapo akainua mguu.

"Mguu wako u mzito leo," mzee akasema.

"Umekufa ganzi, Ami."

Joab alisogea dirishani mara moja tena. Hakutania. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba ni saa tano na nusu imeshapita, na kama anatoka atoke sasa hivi, hata bila viatu, watakimbia. Kamaludin alikuwa amekaza wakati huo. Kinati kilikuwa wazi.

"Siwezi kuinua mguu," akamwambia.

Joab alimtazama kama mtu atazamaye mfungwa aliyefunguliwa mlango akabaki ndani. Akavaa kofia yake. Akamuaga mzee kwa adabu ile ile aliyomwamkia, akatoka.

Walimaliza kulia, wakarudi kushoto, wakaja mbele. Kila "wata" ilipotoka, Kamaludin alingoja, na kila alipongoja alikemewa. Muadhini aliadhini adhuhuri wakiwa gurudumu la mwisho. Jamaldin aliijaribu gari uchochoroni, ikasimama kama iliyopigwa kofi, akawapakia wanawake wake akaenda Likoni, wakafika, wakala pilau, wakarudi. Hakuna aliyejua kulikuwa na la kushukuriwa.

Kamaludin alipanda ngazi viatu mkononi. Swabaha alikuwa akimimina kahawa ya baba yake. Kamaludin alikitazama kikombe, akakuta mkewe amekijaza nusu, akamuuliza kwa nini hakijazi.

"Tangu mwezi wa tumu humjazia nusu," Swabaha akasema. "Kikijaa humwaga."

Kamaludin akakaa kwenye kiti. Akamuuliza, basi kama alijua, kwa nini alimshonea suruali?

"Ningekwambia, ungekwenda?"

Kamaludin akaviweka viatu sakafuni.

"Nilitaka mmoja wetu asijue," Swabaha akasema, akakichukua kikombe akashuka nacho.

Majengo kishika nafasi hakikurudishwa. Suruali aliivaa kazini mpaka ikachanika magotini. Viatu vilikaa chini ya kitanda, akivitoa Idi hadi Idi, na kila akivivaa akaona vimemkaza zaidi, ingawa miguu ya mtu mzima haikui.

Miaka minne ilikwenda hivyo. Jamaldin ndiye aliyelitangaza jina, Mguu Mzito, na likamshika. Wasafiri wa Feri walilijua, wauza nazi walilijua, wanawe mwenyewe waliitwa kwalo shuleni. Barazani watu walimsifu Fundi Aidarus kwa subira, kwamba anavumilia kufanya kazi na mtu aliyezeeka mguu kabla ya umri, kwa kuwa ni mtoto wa nduguye, afanyeje. Kamaludin alicheka nao. Leo mtu akimsaidia mwenziwe kubeba gunia, hutaka apigwe picha. Yule alizishika breki za mji mzima kwa wayo wake, akaitwa mvivu, na akaitika.

Alijifunza kusoma kwa wayo. Hakuhitaji kioo tena. Alijua kinati kinapofunguka, kinapoteleza, kinaposhika. Lakini kila gari yenye kioo mlangoni alikigeuza chini kwa siri, akaitazama ile mikono ikihangaika, na hakujua kama anaitazama kwa huruma au kwa chuki. Siku nyingine yalikuwa mambo yote mawili. Kuna magari aliyokaa ndani yake, magurudumu yameegemezwa mlangoni, jua liko juu ya bati, akasikia honi za malori ya Mbaraki zikipita barabara kuu, akataka kupiga kelele ya mnyama. Kisha husikia "Kaza," akakaza.

Mzee naye kila asubuhi aliunyakua mkono wake, na Kamaludin alibusu hewa.

Mwaka wa sitini na nane, Alhamisi moja, Jamaldin alikwamiwa na gari Voi, akaja kumwomba Kamaludin waende pamoja kuifuata. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuka daraja la Makupa akaenda zaidi ya Mariakani. Aliporudi Ijumaa asubuhi alikuta mikeka imetandikwa nje ya nyumba, na watu aliowajua wanamwondokea kimya. Mzee alikuwa ameanguka uani baada ya alasiri. Walikwisha kumwosha, wakamkafini, wakangoja Ijumaa ili aswaliwe na watu wengi. Walimfunulia uso autazame. Mikono haifunuliwi.

Kwa hivyo mara ya mwisho kuiona ni Jumatano, siku moja kabla ya kwenda Voi, ndani ya teksi ile ile ya Jamaldin, kwenye kile kioo cha duara. Walikuwa gurudumu la nyuma kulia. Mzee alisema kanyaga, akasema kaza, breki ikazama, na Kamaludin akajiweka tayari kuisikia "wata" ya mapema ili asiitii. Haikuja. Akatazama kiooni. Mkono wa kushoto ulikuwa umeiweka chupa chini, ukaushika wa kulia kifundoni, kwa nguvu, kama mzazi amshikaye mtoto anapovuka barabara. Na mikono yote miwili pamoja, ikitetemeka mmoja ndani ya mwenzake, ikakizungusha kinati mpaka kikafunga. Wayo ukasikia jiwe. Bado neno halikuja. Kisha sauti ikatoka chini, si ile ya kazini:

"Wata upendapo, mwanangu. Si ndivyo ufanyavyo?"

Kamaludin hakuinua mguu. Alibaki ameikandamiza breki iliyokwisha kufungwa, macho kiooni, na mikono ile ikaifuta spana kwa kitambaa, upande mmoja na upande wa pili, ikailaza juu ya kidaraja cha mlango, ikatoka nje ya duara la kioo.